Chombo Kilichooshwa kwa Sabuni

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa: benchi mbili, kivuli cha bati, na birika la kahawa ya tangawizi la Maka. Hapo huzungumzwa Kiswahili kwa hisani yangu mimi fundi viatu, Mpokomo pekee kati yao, na kila mtu hukipinda atakavyo. Kerrow tunamwita Redio, kwa kuwa aliendesha lori la maji kule Dadaab miaka mingi na tangu astaafu hajazimwa, ingawa kila “p” kinywani mwake hutoka “b”. Abshir ni Semina, maana hakuna warsha ya mashirika inayompita, na kalamu zote za mfukoni mwake ni za bure. Abdinasir ni Msafi, mtu wa kuifuta benchi kwanza ndipo akae. Siku hiyo hakuifuta. Alijitupa tu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso, na nikahofia mabaya, kwa sababu mkewe Lul alikuwa na mtoto mchanga na arobaini yao ilikuwa haijaisha.

Semina: Waryaa Msafi, sema. Mtoto?

Msafi: Mtoto mzima, alhamdulillahi. Lul mzima. Mimi ndiyo nimekwisha.

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na dhiil, kile chombo cha maziwa wanachosuka kina mama kwa mizizi ya miti. Kilikuwa cha zamani, lakini kimesuguliwa mpaka kikapauka, na kinanuka sabuni ya unga.

Maka, ambaye vijana humwita eeddo, yaani shangazi, akaweka birika chini.

Maka: Nani ameosha hii?

Msafi: Mimi, eeddo.

Maka: Na sabuni?

Msafi: Na sabuni. Na ile dawa ya kutoa madoa.

Maka: Subhanallah! Wewe umezaliwa wapi?

Msafi: Hapa mjini, eeddo. Kwetu maziwa ilikuwa ya pakiti.

Mimi sikuona kosa. Kwetu ng'ambo ya mto mwanamume akiosha chombo, majirani huja kutazama.

Maka: Fundi, sikia. Dhiil haioshwi na sabuni. Inaoshwa na moshi. Unawasha kijiti, unatia ndani, unafunika. Halafu unamwaga maziwa ya ngamia juu ya ile kidogo ya jana. Ya jana inafundisha ya leo. Kesho unapata susa, maziwa mala ya ngamia.

Msafi: Na hii ilikuwa ya ayeeyo, nyanya yake Lul, kule Modogashe. Akampa mama mkwe wangu Saynab. Saynab akampa Lul. Lul anasema itakuwa ya huyu mtoto wetu Ifrah. Ya jana yake haijawahi kukatika. Mpaka leo asubuhi.

Sote tulijua shida ya Lul, ila hatukuwa tukiitaja mbele ya mumewe. Kabla ya harusi alipaka krimu ya kujichubua, uso ukaungua, ukamenyuka. Tangu hapo hakwenda sokoni wala hakujitazama. Zahanati walimwambia aitupe ile krimu, aipe ngozi nafasi. Mama yake akaja na hiyo dhiil na mfuko wa qasil, ule unga wa majani ya mti wa gob. Kila asubuhi Lul alinawa kwa qasil, kisha akajipaka maji ya susa.

Msafi: Leo alfajiri ameniambia, “Abdinasir, niletee kioo.” Kioo! Nililia, wallahi. Nikasema huyu mke wangu nimfanyie nini? Nikaona chombo cheusi, kinanuka moshi. Nikasema, nitamwoshea.

Hakuna aliyecheka, na hilo kijiweni kwetu si jambo dogo.

Msafi: Keshokutwa arobaini inaisha. Wanawake watajaa nyumbani. Mama mkwe yuko njiani, na akifika ataulizia dhiil kabla ya mtoto. Lul hajui. Nimetoka nayo chini ya kanzu kama mwizi. Nifanye nini?

Kerrow: Kwanza usiogobe. Mimi kule kambi ya Ifo nimeona makubwa. Mama moja alibita mbaka na miguu. Hana mbuzi, hana sufuria, hana godoro. Ana dhiil tubu, mgongoni, kavu kabisa! Nikamletea maji, akaniambia mimi sitaki maji ya kuosha, nataka maziwa. Jirani akamba maziwa kidogo. Akatia ndani, akafunika. Siku ya bili, susa! Ile ya kwao! Akaonja, akakaa chini, akalia.

Mimi: Ilitoka wapi na chombo kilikuwa kikavu?

Kerrow: Ilikuwa imelala ndani ya mizizi. Imetembea naye safari yote.

Nimeshona viatu vya watu waliotoka mbali, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna kinachoweza kusafiri hivyo, hakionekani, hakili, kinasubiri maziwa.

Semina: Hao ni bakteria, adeer. Bakteria wazuri. Tumefundishwa, tukapewa na chakula cha mchana. Hata kwenye ngozi yako wako. Uso wako, Fundi, ni mji mkubwa kuliko Garissa.

Mimi: Wanakaa bila kulipa?

Semina: Wanalipa kwa ulinzi! Wakiwa wengi wazuri, wabaya hawapati plot. Ile krimu ilichoma mji wote. Susa ikaleta watu wapya. Haba na haba hujaza kibaba.

Kerrow: Basi nasema hivi. Hao bakteria wako na ukoo. Wa Modogashe ni wa Modogashe. Uso ya Lul imebona kwa sababu wamemjua. Wamesema, huyu mtoto ni wetu.

Maka: Mzee, wamemwambia nani?

Kerrow: Wanaongea Kisomali ndogo ndogo. Na mimi nauliza, umewahi kuona ngamia ana chunusi? Hata moja? Analala mavumbini, haogi, na kobe zake zinashinda za bibi harusi.

Semina: Hiyo ni kweli, adeer.

Kerrow: Na gob! Jani kavu, unasaga, unatia maji, inatoa bofu! Nani aliweka sabuni ndani ya mti kabla ya mtu kujua kuoga?

Hapo hata Maka alitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeiona qasil mara mia sokoni, kijivu kama majivu, nikaipita. Ajabu zote hizi, na mimi nimekaa nazo kama mtu aliyelala karibu na kisima na kiu yake.

Semina: Mimi naona bakteria hao wanakumbuka. Wamebeba uso wa ayeeyo. Lul akipaka, anavaa uso wa nyanya yake akiwa msichana. Kwa hiyo Msafi, ukiosha hiyo dhiil, umefuta... aa...

Msafi: Malizia. Nimefuta watu wote hao.

Semina: Sikusema hivyo. Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Maziwa ya leo hayana mama tena.

Maka: Wewe Semina, methali hiyo ilale! Hukuona mtu analia?

Tukabishana. Kerrow akataka gari liende Modogashe kutafuta susa ya ndugu. Semina akasema ile itakuwa ya ukoo mwingine, uso utakataa. Msafi alikuwa hasikii tena. Alikuwa akipitisha kidole ndani ya ile dhiil, polepole, anatafuta hata harufu.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa dada mmoja na begi lake, mwalimu mgeni, anangoja gari la Dadaab. Alikuwa ameagiza kahawa akasahau kuinywa.

— Samahanini, alisema. Nimewafuata tangu mwanzo. Maziwa ya leo yanafunzwa na ya jana, na ya jana yalifunzwa na ya juzi. Sasa yale ya kwanza kabisa, yalifunzwa na nani?

Semina akashika kalamu moja, akairudisha. Kerrow alitazama juu, akatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio haikutoa sauti. Mimi niliwaza mwanamke mmoja wa zamani, jina lake halijulikani, na chombo kipya kisicho na chochote ndani, anamwaga maziwa na kukifunika, hajui kesho atakuta nini.

Msafi aliinuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini ameyainua.

Msafi: Eeddo Maka, maziwa ya ngamia ya leo yamefika sokoni?

Maka: Yamefika. Lakini chombo kwanza kikauke juani, kitoke hiyo sabuni. Kisha ule moshi.

Msafi: Moshi najua nani atanionyesha.

Kerrow: Saynab? Atakufukuza!

Msafi: Lul. Namwambia sasa hivi, kabla mamake hajashuka kwenye gari.

Semina: Na akilia?

Msafi: Atalia na mimi nitakuwepo. Halafu tutaanza. Sisi wawili ndio tutakuwa ayeeyo.