Vidonda Vidogo Vilivyonidanganya

Mama zangu na dada zangu wa soko letu la hapa mpakani Mpondwe, wa msikitini na wa kanisani, nawasalimu wote. Nimesimama kushukuru, lakini sitawaficha: hasira bado ninayo.

Kazi yangu mnaijua, kuuza mafuta ya mawese ya kutoka Kongo. Miaka miwili niliumwa hapa chini ya mbavu za kulia, hasa nikila vya mafuta. Kliniki tatu zikasema ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa mpaka ulimi ukakataa. Mwishowe, hospitali ya Kasese wakanipiga picha ya tumbo, wakaona mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Daktari akasema, "Mama, siku hizi hatufungui tumbo lote. Tunatoboa matundu manne, tunaingiza kamera, tunautoa mfuko. Kesho kutwa uko nyumbani."

Nikatia sahihi. Maelezo yakaishia hapo.

Nilipozinduka, bega lilikuwa linauma kuliko tumbo. Bega! Nikadhani wameniangusha. Kumbe wanajaza tumbo gesi ili waone ndani, na ikibaki kidogo, maumivu hupanda begani siku chache. Neno hilo moja lingewagharimu nini?

Nyumbani mume wangu akachungulia plasta. "Ni hii tu? Hata kuku akikuparua anaacha kubwa zaidi!" Jirani yangu Mkongo naye: "Mama, uko muzima! Njoo kwa soko, mafuta imefika."

Ndugu zangu, nawaambia, hata mimi niliamini. Siku ya sita nikainua jerikeni la lita ishirini. Kitu kikachanika kitovuni. Baada ya siku mbili nina homa, natapika, kidonda kinatoa usaha.

Nikarudishwa Kasese. Daktari akafoka, "Nani alikuambia ubebe mizigo?"

"Na nani aliniambia nisibebe?"

Akageuka, akaondoka. Muuguzi mmoja, mke wa askari, akavuta kiti. "Mama, nje vidonda ni vidogo, lakini ndani umepasuliwa kweli. Usibebe kitu kizito mpaka tukuruhusu. Homa, macho ya njano, maumivu yanayozidi, usingoje, njoo. Tena wakati mwingine matundu hayatoshi, tunalazimika kufungua tumbo. Ulipaswa kuambiwa hayo kabla."

Nililia, si kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukaa chini akaongea nami.

Walinishona upya, nikalala hospitali siku tisa. Leo ninakula, ninafanya kazi. Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi yule, na ninyi mliouza mafuta yangu nikiwa kitandani. Mume wangu pia, aliyejifunza kuteka maji.

Upasuaji huu ni mzuri, msiuogope. Lakini ulizeni kabla hamjatia sahihi: nitaumwa wapi, nisifanye nini, nirudi lini. Daktari akiwa na haraka, ulizeni tena.

Mmoja wetu humu anapasuliwa Jumanne. Dada, usiinamishe kichwa. Naenda nawe, na wakikunyamazia, nitauliza mimi.