Wasifu wa Dorkas Eliamini Mrutu, Mshona Mikoba ya Mitumba wa Same

Wapendwa waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe. Wazee, shikamooni. Tangu jana vijana wa ukoo wetu wanasema tukishamfukia Dorkas watateremka Same na mapanga hadi nyumbani kwa aliyemkata. Nawaomba wanangu mkae kwanza, msikie alivyoishi.

Dorkas alizaliwa hapa Vudee tarehe 4 Machi 1974, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eliamini Mrutu na mama yetu Raheli. Alibatizwa katika usharika huu huu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, 1982 hadi 1988. Siku moja alikata mkono mmoja wa sweta lake la shule ili azibe sketi ya mwenzake iliyochanika. Mwalimu akamchapa mpaka akachubuka. Kesho yake akaja amekata na mkono wa pili.

"Wewe mtoto, unanichezea?"

"Hapana, mwalimu. Nimeilinganisha."

Mwaka 1995 alifunga ndoa na Gadiel, wakajaliwa Anderson na Sabrina. Ndoa ilikuwa na kipigo, mbele za Mungu hatufichi. Mwaka 2006 Gadiel alimvunja mkono kwa mchi wa kinu, Dorkas akarudi kwetu na watoto. Baadaye Gadiel alikuja akapiga magoti, akasamehewa. Leo ameshika jembe, amechimba kaburi pamoja na wenzake.

Mwaka 2007 Dorkas alipata kibaraza sokoni Same. Alichukua mitumba iliyochujwa, ile ambayo hata muuza belo anaikanyaga. Alikata vipande vya jinzi na mashati, akaviunga kwa rangi, katikati akatandaza pamba aliyoichomoa kwenye makoti ya baridi, kisha akapitisha cherehani mistari mistari mpaka mkoba ukawa mnene kama godoro.

"Mama Anderson, hii si suruali ya Mzungu?" wateja walimtania.

"Ndiyo, na leo itambebea Mpare tangawizi!"

Mwezi huu wa Juni 2025, mjane Hedwiga alimletea mashati mawili ya marehemu mumewe, amshonee mkoba wa kumkumbuka. Hapo Dorkas alikosea. Hakuuliza kama matanga yameanuliwa, na sote tunajua nguo za marehemu hazikatwi mpaka ukoo uzigawe. Alhamisi tarehe 12, Hedwiga akiwa pale kuuchukua mkoba, shemeji yake akafika kibarazani na panga.

"Nani amekata shati la kaka yangu?"

"Ni mimi, baba. Nimekosa. Keti tuongee."

"Sikuja kuketi!"

Akamkamata Hedwiga nywele, akamburuta chini, akainua panga. Dorkas akaingia katikati na mkoba mkononi. Pigo la kwanza liliupasua mkoba, pamba ikatawanyika. La pili lilimpasua bega hadi mfupa. Akamlalia Hedwiga, na la tatu likamwingia mgongoni. Watu wakaja na mawe, wakamponda yule mtu mpaka meno yakatoka, na mmoja akaleta tairi. Dorkas akasema pale chini, damu inamtoka, "Msimwashe. Mpelekeni polisi." Wakampeleka, na yuko mahabusu hadi leo.

Hospitalini jeraha lilioza, homa ikapanda. Anderson akamwambia, "Mama, huyu nitamkata kwa mkono wangu." Mama yake akamvuta kola. "Sasa mimi nilikatwa ili na wewe ukakate?" Alfajiri ya Jumamosi tarehe 21 Juni, Bwana akamchukua.

Ameacha mama, mimi dada yake Fortunata, watoto wawili na wajukuu watatu. Hedwiga yu hai, mnamwona pale ameketi karibu na mama.

Vijana wangu, maneno yale aliyomwambia Anderson ni ya Dorkas mwenyewe, mimi nimeyasoma tu. Mapanga yawekeni ndani kwa mama, na mwenye kushuka Same ashuke mikono mitupu. Mwacheni alale kwa amani.