Mwalimu Gisiri, Ramani Zake na Lango la Kosele

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Jiografia katika shule yetu hapa Awendo, Mwalimu Maranga Gisiri atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Kamati ya jarida imeniomba mimi, naibu mwalimu mkuu wa zamani, niandike habari zake, kwa kuwa nina nafasi. Siku hizi nashinda kitandani, na daktari amenishauri nisianze kazi ndefu.

Mwalimu Gisiri alitujia kutoka Kuria akiwa kijana mwembamba, akaanzisha chama cha matembezi cha walimu. Tangu aliponunua kompyuta ya mezani na kuiweka sebuleni, chama hicho hakikupumzika tena. Alifungua ramani za kidijitali zenye mistari ya miinuko, akavuta picha karibu, akachora njia kwa rangi nyekundu, kisha akatuchapishia nakala. Kabla ya kufunga kamba za viatu, alikuwa ameshapanda kila kilima cha Migori na Homa Bay, kikombe cha chai mkononi. Mkewe, Dorah, husema mumewe ndiye mpanda milima pekee anayenenepa safarini.

Sifa yake kubwa ni imani. Kwake ramani haikosei. Ni nchi inayochelewa kuifuata. Tulipopotea ndani ya miwa iliyotupita vimo, alituhakikishia kwamba tuko mahali pa wazi penye mandhari nzuri. Huko Ogwedhi ramani ilionyesha uwanja mtupu, nasi tukafika siku ya soko la mifugo. Dalali alimkuta Mwalimu Celestine ameshika kamba ya fahali ili apate kupita, akamwuliza, "Madam, huyu mwisho ngapi?"

Lakini safari iliyomtukuza ni ile ya Kosele. Tulikusudia kutembea vilimani, kisha tule samaki nyumbani kwangu. Kompyuta ilimpa njia ya mkato, naye akaifuata kwa uaminifu mpaka nyuma ya boma, akapenya ua. Mimi mwenye boma nilikuwa mwisho wa msafara, nikihema, nisiweze kumzuia. Ramani hizo hujua kila bonde, ila hazijui lango. Na kwetu Waluo, mgeni haingii kwa watu kwa kutoboa ua. Mke wangu, Priscah, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu, huko hupita ng'ombe na mwizi. Wewe ni yupi?"

"Mama, ramani inaonyesha tumefika."

"Basi ramani ikupakulie samaki."

Tulirudi nyuma, tukazunguka shamba lililolimwa, mvua ikitunyeshea, tukaingia langoni kama watu. Samaki walikuwa wamepoa. Priscah hakuomba radhi.

Mwalimu Gisiri alipofika kwake aliwasha kompyuta, akatia nukta nyekundu penye lango letu. Tangu hapo hakuchora njia bila kuuliza kwanza lango la kila boma liko upande gani. Hayo nayaita mafanikio, na hapo sitanii.

Priscah alitangulia mwaka jana. Juzi nilimwomba Mwalimu safari moja zaidi. Nakiri hapa, kabla kalamu haijanishinda, kwamba ninaogopa. Kufa sikuogopi. Naogopa mvua, barabara ya udongo mweusi ikatike, na vijana wenye haraka wanipitishe nyuma, kwenye pengo la ua linaloingizia trekta shambani. Mwenye boma aingizwe kwake kama mwizi.

Nilitarajia mzaha, maana ananidai mwingi. Hakucheka. Alirudi na karatasi moja. Mstari mwekundu unatoka mochari ya Homa Bay, unakwepa mabonde, unafuata mgongo wa kilima ambako maji hayasimami, unaishia kwenye ile nukta. Nikamwuliza kama kompyuta ina hakika.

"Mzee, sikuiuliza," akasema. "Hii nimeitembea kwa miguu."

Mwalimu Gisiri, asante kwa kutupoteza mahali pazuri. Tunakutakia uzee wenye magoti imara na umeme usiokatika. Siku yangu ikifika, wewe ukae mbele na dereva. Mkipotea sitalalamika, mara hii sina haraka. Mradi tuingie langoni. Priscah yuko ndani, na unamjua.