Gari la Wubbo Limelia Tena

Kijiwe chetu ni benchi la mbao kando ya bomba la maji, kwenye kambi ya mapumziko huku Friesland, na kila Aprili hapo ni ubishi mtupu. Magari-nyumba ndiyo kwanza yametoka kwenye mabanda yalikolala kipindi cha baridi, na Jumamosi Mama Rinske wa kamati anapita kuyakagua. Lililong'aa kuliko yote linapanda juu ya tuta, linatazama ziwa msimu mzima. Mwaka huu mwenye uchu na nafasi hiyo ni Wubbo, tunayemwita Polepole. Mkewe Hilje miguu imemgomea, siku nyingi yuko kitandani, na ameomba kitu kimoja tu: ayaone maji akiwa amelala. Wao miaka yote huegesha nyuma, mkabala na pale tunapomwagia ndoo za vyoo. Basi Ijumaa asubuhi tumeshamiminiwa kahawa, kila mtu kapewa biskuti yake moja na kopo limefungwa, Wubbo akaja na uso wa msiba.

WUBBO: Limelia tena.

SABUNI: Si jana nilikuona unalisugua mpaka linawaka?

(Huyu ni Tjeerd. Ana chupa ya dawa kwa kila doa duniani, jina akalipatia humo.)

WUBBO: Nimeosha, nimekausha, nimepaka nta. Hilje nimemtoa nje kwa kiti, kajitazama ubavuni mwa gari akachana nywele! Usiku kikapita kimvua kidogo tu. Naamka, michirizi myeusi kutoka juu mpaka chini ya madirisha. Utadhani mjane kapaka wanja.

SABUNI: Umeoshea nini?

WUBBO: Sabuni ya vyombo.

SABUNI: Mamaa! Sabuni ya vyombo inakula nta, gari linabaki uchi!

WUBBO: Nta nimepaka baadaye, bwana.

SABUNI: Hata kama. Mficha uchi hazai.

WUBBO: Sasa hapo nani anazaa?

Fokke akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Yeye ni Redio. Habari yoyote ukimpa, anairusha kabla hujamaliza kuisema.

REDIO: Acheni fiksi. Weusi ule ni moshi wa ndege.

SABUNI: Ndege gani? Hapa wanapita mabata bukini tu.

REDIO: Basi hao hao! Wanashiba majani ya wakulima, wakifika juu ya gari jeupe wanalenga.

SABUNI: Walenge michirizi iliyonyooka? Hao bukini wamepita jeshi? Mimi nasema mpira wa dirisha unayeyuka.

REDIO: Uyeyuke Friesland! Kwa jua lipi, mwanangu?

Nami nikaona nisipitwe, nikasema rangi nyeupe ikizeeka hutoa jasho.

REDIO: Kaa kimya wewe. Ukweli ni huu: Wajerumani. Wanaosha magari yao, sawa? Uchafu haupotei duniani, lazima uende mahali. Upepo wa mashariki ukivuma, unatuletea. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo.

SABUNI: Sasa upepo na mkondo wapi na wapi?

WUBBO: Jamani, kesho ndiyo kesho! Nikamwambie nini mke wangu? Kwamba ni Wajerumani?

Nilimhurumia kwa kweli.

Bombani alikuwa amesimama binti mmoja, Lieve, Mbelgiji aliyefika jana na hema lake, anajaza dumu. Akageuka.

LIEVE: Samahanini, wazee wangu. Paa mnaliosha na nini?

Huku kwetu mtu anaosha kinachoonekana na jirani: kioo kisafi, pazia wazi, kizingiti cha mlango kimefagiwa. Paa jirani halioni, kwa hiyo hakuna paa.

REDIO: Paa... linaoshwa na mvua.

LIEVE: Na mvua ikishaliosha, ule uchafu unateremkia wapi?

Wubbo aliacha kahawa yake nusu. Polepole huyo huyo! Kufumba na kufumbua ngazi imeegemezwa, mimi nimeishika, Sabuni yuko juu na brashi laini ya mpini mrefu, Redio anatoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Kulikuwa na kuvu ya kijani, masizi, majani yaliyooza na, naam, mavi ya bukini. Maji yaliyoshuka yalikuwa meusi ti. Tukaosha kutoka juu kuja chini, safari hii kwa shampuu ya magari, tukakausha, tukapaka nta mpaka paani. Wubbo alipopanda ngazi mwenyewe kumalizia nta, Hilje akachungulia dirishani.

HILJE: Wubbo, shuka hapo! Ukianguka nitabishana na nani?

Jumamosi Mama Rinske alipoanza kukagua, wingu likafunguka. Mvua si mvua! Gari la Sabuni lilikuwa la kwanza kulia, chupa zake zote na bado. Likafuata la Redio, likafuata langu, safu nzima ikachuruzika masizi. Mama Rinske akafika kwa Wubbo, akainua mwavuli. Maji yalikuwa yanajiviringisha kama shanga na kudondoka, hakuna hata mchirizi. Akapitisha kidole chini ya dirisha, akakitazama, kisafi.

MAMA RINSKE: Pandisha tutani.

Tulipiga kelele hadi bukini wakaruka ziwani. Redio alikuwa anarukaruka matopeni kama nafasi kapewa yeye, Sabuni anafuta macho na kusingizia mvua. Wubbo aliendesha mwenyewe, taratibu, sisi tukitembea ubavuni tumelowa chapachapa, mpaka magurudumu yakakaa juu ya tuta na ziwa lote likawa mbele yao.

Hilje alijiinua kwa kiwiko. Akayaona maji, akajilaza tena, na bado anayaona.

HILJE: Zima injini, mume wangu. Tumefika.