Mukowa wa Raisi

Kijiwe chetu ni mtumbwi uliopasuka, tumeupindua karibu na soko la samaki la Nchelenge. Mwaka ule, hamsini na nane, motokari ya serikali ilileta picha ya sinema shuleni: raisi wa Amerika wa zamani, yule aliyefuta utumwa. Tulirudi kijiweni midomo wazi. Beauty, anayetuuzia kahawa, alitumiminia ile ya kuvuka ziwa toka Kilwa ya Kongo, lakini roho yake ilikuwa kwingine. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na wakwe wa huku huanza kwa kuuliza mukowa, ukoo wa upande wa mama. Nkambo yake Beauty, mama wa mama yake, aliletwa na misafara ya watumwa, akauzwa hapa kwa nguo. Mukowa anaoutaja Beauty ni wa waliomnunua, watu wa mamba, kina Nkonde. Nkonde mwenyewe, mwenzetu wa kijiweni, tunamwita Kapitao.

— Karatasi moja tu, akasema Kapitao. Mutu anaandika jina, batu milioni banakuwa huru. Mi mwili ulisisimuka.

— Na ule urefu! akasema Fanwell, ambaye sisi tunamwita Gazeti, na kusoma hajui. Wazee banasema, mutaka cha mvunguni ainame. Yeye hakuinama, njo maana akapata uraisi.

— Haisemi vile, akasema Kapitao.

— Huku Luapula inasema vile. Na mifupa mirefu ile ni ya mukowa wa tembo.

— Wapi. Ni wa mamba, wetu, ngozi ngumu. Banamupiga risasi, jina lingali linatembea.

— Basi nkambo yake alitoka Mofwe, huku kwetu, alibebwa na misafara mpaka Amerika.

— Gazeti, yule ni muzungu.

— Picha haina rangi. Unajuaje?

Tukaanza kumwona raisi kama ndugu.

Beauty akaweka birika chini.

— Yule mukubwa mumemupa mikowa mbili, na kahawa haijaisha. Ile karatasi yake, ilibaambia bale batu mama zao balikuwa ba mukowa gani?

Mimi niliona aibu.

— Beauty, kesho sema mukowa wetu, akasema Kapitao. Ni wako.

— Wenu njo ulimununua nkambo. Kesho nitabaambia bakwe: alikuwa na mukowa wake, sisi hatuujui. Bakitaka kurudi, barudi.

Kapitao akauliza polepole kama anaweza kuja kesho, akae upande wa Beauty.

— Kuja, akasema Beauty. Lakini ukuje kama jirani.