Operesheni Isiyo na Kovu

Ejore alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Alipopanda gari la Kakuma pale Lodwar hakujua aliyekaa mbele yake ni shemeji yake, Lokorio, ambaye sasa alikuwa akimsimulia mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nyibol, habari za matibabu yake Eldoret.

"Uvimbe ilikuwa ndogo, kwa njia ya chakula," Lokorio alisema. "Daktari alipitisha mpira nyembamba kama kamba kwa mdomo. Iko na kamera, na kisu mpya, ndogo kama kucha ya paka. Anaingiza maji chini ya uvimbe, inainuka, halafu anachuna polepole vile tunachuna mbuzi. Nyama inabaki mzima."

"Tumbo hawakupasua?"

"Hapana."

"Basi hata mimi singeamini."

"Nyumbani pia walikataa. Walikuwa wameuza mbuzi nitibiwe. Mmoja akaniambia mbele ya kanisa nzima nivue shati, waone nimeshonwa wapi."

"Ukavua?"

"Nikavua."

Ejore akageukia dirisha, ingawa nje hapakuwa na jipya ila vichaka vya miiba vya mathenge na vumbi. Mtu huyo alikuwa yeye, na Jumapili ile ndiye aliyeanza kucheka.

"Huyo hana utu," Nyibol alisema.

"Aliuza mbuzi wake, mama. Ni haki yake kuuliza."

"Kuuliza si kuvua mtu nguo."

Gari likasimama Kakuma. Lokorio alimshushia Nyibol mzigo wake, kisha akasema bila kugeuka, "Shemeji, shuka polepole. Hiyo ngazi imelegea."