Fundi wa Kingo Mbili

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea safari ya mama yetu, fundi cherehani, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mama Vifungo.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika nyumba iliyotazamana na mto. Miaka mingi kabla yake, wakoloni wa pande mbili walikaa mezani, mbali kabisa na hapa, wakakubaliana kwamba mto huo ndio mpaka, bila hata mmoja kuuliza kama una tabia ya kutulia, na jamani, mto wetu haujawahi kutulia.

Alisoma hadi darasa la nne, akafundishwa cherehani na shangazi yake, na tarehe 8 Agosti 1959 akaolewa na seremala wa ng'ambo, enzi zile za raha ambapo kwenda ukweni ilikuwa kukunja nguo na kuvuka tu, wakaishi upande huu na kujaliwa watoto wanne. Mwaka 1963 mafuriko yaliuhamisha mto, shamba la ukoo wa baba likabaki katikati ya mkondo wa zamani na mpya, serikali moja ikasema mpaka ni pale maji yalipo, nyingine ikasema ni pale wakoloni walipochora, na geti likawekwa kivukoni.

Mama alishona sare za askari wa pande zote mbili, akizitundika ukutani, hizi msumari wa kulia, zile wa kushoto, na alipochanganya vifungo, askari wetu walilinda mpaka kwa mwezi mzima wakiwa na vifungo vya jirani, naye akacheka kwamba kumbe hata wenyewe hawajui tofauti.

Hakucheka tarehe 3 Juni 1994, baba alipofia shambani, geti likiwa limefungwa, akazikwa hukohuko na nduguze, huku mama amesimama ukingo wa huku, akiona watu wanainama na kuinuka tu.

Februari 2013 alianza kusumbuliwa na moyo, na ombi lake likawa moja, alazwe kando ya mumewe. Alifariki tarehe 9 Septemba 2014, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake wa sokoni, na wakuu wa askari wa pande zote mbili, ambao jana walikubali tuvuke, wakatoa na vijana sita wa kubeba jeneza, watatu wa huku, watatu wa kule, na sare walizovaa ni kazi ya mikono yake.

Mama, geti liko wazi, nenda kwa mumeo, ukapumzike kwa amani.